Kufuli na Skrini za Jumatatu na Alhamisi

Kufuli si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wafagizi wa kituo cha damu, mwaka wake wa kwanza kazini, walipomwona akifunga mlango wa chumba cha seva, akitembea hatua saba, akirudi kutikisa kitasa, akienda tena, akirudi tena. Jina likamganda. Leo hata mkurugenzi humwita hivyo, na yeye mwenyewe akipiga simu husema, "Kufuli hapa," bila kuona haya. Ana miaka hamsini na mitano, mwili mkavu, miwani ambayo mguu wake mmoja umefungwa waya, na tabia ya kumtazama mtu mikono kabla ya kumtazama uso.

Tusimlaumu upesi. Baba yake alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni, mtu mpole aliyecheka na kila mtu. Siku moja alimwachia rafiki yake ufunguo kwa nusu saa tu, akaenda kumjulia hali mgonjwa. Aliporudi magodoro arobaini hayapo, na rafiki anaapa kwa kila kinachoapiwa kwamba hajui lolote. Unga wa mzee ukamwagika siku hiyohiyo. Kufuli alikuwa darasa la tano, na mwaka ule alijifunza jambo ambalo shule haikumfundisha: anayekuchekea sana, jihesabu vidole akishaondoka.

Kwa kazi aliyokuja kuipata, tabia hiyo ilionekana kama kipaji. Kituo hukusanya damu kutoka kwa watu wanaojitolea, huipima, huihifadhi kwenye majokofu na kuigawa hospitalini. Kila chupa ina namba yake, kundi lake, tarehe yake, jokofu ililolala, na joto la jokofu hilo. Yote hayo yanaandikwa kwenye kanzidata kuu iliyo ndani ya kile chumba cha kitasa kinachotikiswa, na mtunzaji wake ni Kufuli. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna chupa iliyowahi kupotea kwenye hesabu zake. Hilo hulisema mwenyewe, na huwa halisemi mara moja.

Hospitali ishirini na mbili zina skrini ukutani zinazoonyesha damu iliyo tayari. Skrini hizo hazisomi kanzidata kuu moja kwa moja, maana zingeielemea. Katikati kuna programu ambayo wafanyakazi wameibatiza Tarishi. Kanzidata ina daftari lake la ndani, ambamo kila badiliko linaandikwa kwa mpangilio wa kutokea kwake. Kazi ya Tarishi ni kukaa akisoma daftari hilo mstari kwa mstari na kupeleka nakala ya kila badiliko kwenye skrini. Chupa ikitoka kituoni, baada ya sekunde tatu wodi zote zinaona imetoka.

Sekunde tatu ndivyo ilivyokuwa, hadi miezi mitatu iliyopita. Ghafla zikaanza hizi Jumatatu na Alhamisi. Saa nne asubuhi skrini zinaganda zote ishirini na mbili. Zinabaki zimeduwaa dakika arobaini, wakati mwingine hamsini, zikionyesha damu ya saa nne. Halafu zinashtuka na kumimina mabadiliko yote kwa mkupuo, kama hakuna kilichotokea. Siku nyingine za wiki, salama salimini.

Wiki ya tisa ya balaa hilo, muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi aliona kwenye skrini chupa mbili za kundi O, akatuma dereva mbio. Chupa zile zilikuwa zimeshachukuliwa na hospitali nyingine nusu saa kabla. Dereva alirudi mikono mitupu, na mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua aliokolewa na chupa ya kuazima iliyofika roho ikiwa mkononi. Muuguzi hakupitia kwa mkurugenzi. Alimpigia Kufuli mwenyewe.

"Skrini yako ikinidanganya tena," alimwambia kwa sauti ya chini kabisa, "mgonjwa nitamleta nikulazie juu ya meza yako, umweleze wewe."

Usiku ule Kufuli hakula, na mkewe, mwalimu wa hesabu asiyependa kubembeleza mtu, alikifunika chakula akakiweka pembeni.

Sasa, mwezi ule matatizo yalipoanza, mambo matatu mapya yaliingia kituoni. Kuta zilipakwa rangi, majokofu mapya yalishushwa kutoka kwenye malori, na Fundi aliajiriwa. Fundi ni mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye mke na watoto wawili, aliyehama mji kwa ajili ya kazi hii, na aliyekabidhiwa kumtunza Tarishi kwa kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Katika mambo hayo matatu Kufuli alichagua moja la kulishuku. Rangi haina mikono, jokofu halina mdomo. Fundi alikuwa na vyote viwili, na juu ya hayo alikuwa anacheka sana.

Tusimnyime haki yake, alichunguza. Alipima joto la seva, likawa la kawaida. Alitazama nafasi kwenye diski, ikawa tele. Alijaribu mtandao, ukawa mwepesi. Kila Jumatatu na Alhamisi, skrini zilipoganda tu, alifungua orodha ya kazi zinazoendelea ndani ya kanzidata ili amkamate anayeielemea. Orodha ilikuwa tupu, hakuna mtu aliyeshika kitu. Aliyekuwa akihangaika peke yake ni Tarishi, akihema na kubeba sijui nini. Kwa hiyo mchawi ni Tarishi, akajiambia Kufuli, na Tarishi ana bwana wake.

Kuanzia hapo alianza kuandika kwenye kijitabu cha mfukoni. Fundi hufika saa moja na nusu siku za Jumatatu na Alhamisi, ilhali siku nyingine hufika saa mbili kamili kama binadamu wengine. Fundi hufunga kompyuta yake ya mapajani mara Kufuli anapoingia. Fundi ameomba ruhusa ya kusoma daftari la mabadiliko la kanzidata kuu, kisha akaomba tena, kisha mara ya tatu kwa barua. Mara zote Kufuli alimtolea nje. Daftari lile anasoma Tarishi kwa ufunguo wa Tarishi, na binadamu mmoja tu kwa ufunguo wa binadamu huyo. Mtu wa majaribio anataka kuona nini mle?

Na lililomchoma zaidi: Fundi alikuwa akionekana kwenye korido akinong'ona na Shemeji.

Shemeji ni mdogo wa mke wa Kufuli. Anafanya kazi chumba cha tatu, kuhakiki vipimo vya joto la majokofu. Kufuli ndiye aliyemwombea kazi miaka tisa iliyopita, akamfundisha mwenyewe, neno kwa neno, na akala kiapo mbele ya mkurugenzi kwamba huyu akikosea nifukuzeni mimi. Hakuwahi kujuta. Sasa anamwona akiinamiana na mtu mwenye mke, wakinyamaza yeye akitokea, Shemeji akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Machale yalimcheza pande mbili. Ama Fundi anamrubuni binti wa watu, ama anamchota maneno ya kazi, au yote kwa pamoja, maana kwa Kufuli ubaya hauji nusu.

Alimweleza mkewe jioni moja, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, kijitabu mkononi kama wakili. Mke alikuwa akimenya viazi na alimsikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu.

"Na wewe umemuuliza?"

Kufuli alimjibu kwamba mtu wa namna ile haulizwi, anashikwa. Mke alisema hewala, akaendelea na viazi vyake. Ile hewala haikumpendeza.

Mkurugenzi alikuwa mama mmoja makini asiyejua kanzidata na asiyejifanya anajua. Alitaka jambo moja kutoka kwa Kufuli: kufikia Jumatano, barua ya kusema Fundi aajiriwe au asiajiriwe. Neno lako ndilo nitakalolifuata, alimwambia. Kufuli aliandika barua ile siku mbili. Hakusema Fundi ni mhujumu, kwa sababu hakuwa na ushahidi, na alijivunia kuwa mtu wa ushahidi. Aliandika kwamba kabla ya kuja kwake skrini hazikuwahi kuganda. Kwamba mwenendo wake unatia shaka. Kwamba hapendekezi aajiriwe. Maneno mawili ya mwisho aliyapigia mstari. Jumatano adhuhuri Fundi aliitwa, akapewa bahasha, akaambiwa akabidhi kitambulisho na asije kesho. Alipita korido akiwa ameshika begi lake la kompyuta kifuani. Alimsalimia Kufuli, "Shikamoo mzee," na Kufuli akaitikia marahaba akimtazama mikono.

Alhamisi Kufuli alifika mapema akiwa na raha ambayo hakuwa nayo kwa miezi mitatu. Akaunti ya Fundi ameifunga mwenyewe. Mtu mwenyewe yuko kwake. Alijitengenezea chai, akavuta kiti, akakaa mbele ya skrini ya majaribio iliyo ofisini kwake, akingoja saa nne ipite hivihivi ili ampigie muuguzi mkuu na kumwambia kwamba mambo yamekwisha.

Saa nne na dakika mbili, skrini ikaganda.

Hakuamini. Aligonga skrini kwa kidole kana kwamba ni saa ya ukutani. Simu ikaanza kulia, na aliona namba ya wodi ya wazazi, asiipokee. Mtu mwingine hapo angesema, basi si Fundi. Kufuli si mtu mwingine. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Fundi ameacha kitu nyuma, mtego, programu iliyojificha inayoamka siku na saa zake. Ajabu ni kwamba wazo hilo baya ndilo lililomfanya atende jambo la busara ambalo hakuwahi kulitenda. Miezi yote mitatu alikuwa akiangalia kinachotokea saa nne. Sasa, akitafuta mtego, alifungua daftari la mabadiliko na kulisoma tangu alfajiri.

Aliupata kwenye mistari ya saa mbili na nusu. Kulikuwa na kazi moja iliyofunguliwa wakati huo na haikuhifadhiwa hadi saa nne kamili. Kwa lugha ya kanzidata, kazi yote inayofunguliwa pamoja na kuhifadhiwa pamoja ni muamala mmoja, na unaingia wote au hauingii kabisa. Muamala huu mmoja ulikuwa na mabadiliko laki moja na ishirini elfu.

Kufuli alivua miwani. Si kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri mno na haraka mno. Tarishi haruhusiwi kupeleka hata mstari mmoja wa muamala kabla haujahifadhiwa, kwa kuwa mwenye kazi anaweza kuufuta katikati. Kwa hiyo tangu saa mbili na nusu alikuwa akikusanya kimyakimya, kumbukumbu ikijaa, akimwaga ziada kwenye diski. Saa nne ulipohifadhiwa, ilimpasa aubebe wote, mstari mmoja mmoja, hadi hospitali ishirini na mbili. Chupa iliyotoka saa nne na dakika moja, badiliko dogo la mstari mmoja, ilipanga foleni nyuma yake. Ni duka lenye muuzaji mmoja, na aliyefika mbele amekuja na orodha ya harusi. Wewe wa kiberiti utangoja. Na orodha ya kazi zinazoendelea ilikuwa tupu kila alipoitazama, kwa sababu alikuwa akiitazama baada ya mwenye kazi kumaliza na kwenda kunywa chai.

Alitafuta jina la mwenye kazi. Lilikuwa jina la Shemeji.

Hapo pia hakushindwa. Alijiambia kwamba Fundi ameiba nywila ya Shemeji, ndiyo maana ya manong'ono yote yale. Alifunga chumba, akatikisa kitasa mara moja tu kwa haraka aliyokuwa nayo, akaenda chumba cha tatu akitembea kama askari. Shemeji alikuwa mezani, kikombe mkononi, akipumzisha macho.

"Nani mwingine anajua nywila yako?" Kufuli aliuliza.

"Hakuna. Ulinikataza hata kumwambia dada."

"Basi nani amefungua kazi saa mbili na nusu kwa jina lako?"

"Mimi, shemeji. Si ndiyo kazi yangu?"

Akamweleza, akidhani anapimwa. Jumatatu na Alhamisi huhakiki vipimo vya joto vya majokofu yote tangu mara ya mwisho na kuvitia alama fungu kwa fungu. Zamani majokofu yalikuwa machache na kila moja lilipimwa mara moja kwa saa. Haya mapya ni mia moja na arobaini, na yanajipima yenyewe kila dakika tano. Kazi iliyokuwa ya dakika kumi sasa ni ya saa moja na nusu, na mkono humfa ganzi.

"Kwa nini huhifadhi katikati?" Kufuli aliuliza.

Shemeji alinyoosha kidole tu. Pembeni mwa skrini yake palibandikwa karatasi iliyofubaa, gundi imepigwa juu ya gundi. Fungua. Maliza yote. Hifadhi mara moja tu. Mwandiko ulikuwa wa Kufuli.

Aliukumbuka mwaka alioitunga sheria ile. Kazi ya kuhakiki ilikuwa yake, majokofu yakiwa sita. Umeme ulikatika katikati, nusu ya vipimo vikabaki vimehakikiwa na nusu bado, na jokofu moja bovu likaonekana zima. Alipekua chupa moja moja kwa mkono wiki mbili. Tangu siku ile hakutaka tena kusikia habari ya nusu. Sheria ilikuwa nzuri, na kwa majokofu sita bado ingekuwa nzuri.

"Fundi aliniomba nigawe kazi," Shemeji alisema, macho yakiwa kwenye kikombe. "Nihifadhi jokofu kwa jokofu. Alikuwa anakuja mapema, kabla sijaanza, tuhesabu vipimo vya siku hiyo na muda vitakaochukua. Ameandika na programu ya kunisaidia, umeme ukikatika inakumbuka nilipoishia. Nikamwambia siwezi bila ruhusa yako. Akasema basi niiombe."

"Hukuiomba."

"Niliogopa. Ungeuliza nani kanituma. Na kabla sijajibu ungemtaja mwenyewe."

Kufuli alikaa kwenye kiti cha wageni. Aliona aibu ya kweli, ile inayopanda na joto masikioni, na aliona nyingine chini yake iliyo mbaya zaidi. Wasiwasi wake wote wa miaka ishirini na mitatu ulikuwa umezunguka kila chumba, kila mtu na kila mkono katika kituo kile, isipokuwa pale alipokuwa ameweka mkono wake mwenyewe.

Mkurugenzi alimsikiliza bila kumkatiza. Alisema barua ya kwanza haitoki kwenye faili, kwa kuwa kilichoandikwa kimeandikwa. Kinachowezekana ni barua ya pili juu yake, yenye sababu. Kufuli aliomba karatasi akaiandika palepale, na safari hii hakuchukua siku mbili. Aliandika kwamba skrini zinagandishwa na utaratibu aliouweka yeye, uliopaswa kubadilishwa siku majokofu mapya yalipofika, majokofu aliyoyapokea yeye kwa sahihi yake. Kwamba Fundi alilijua tatizo na alinyimwa njia ya kulithibitisha. Kwamba aliyemnyima ni yeye. Mkurugenzi aliisoma, akagonga muhuri, akamwambia kumrudisha Fundi si kazi ya muhuri. Nenda mwenyewe.

Fundi alikuwa akiishi chumba na sebule, nyuma ya duka la vioo. Kufuli alimkuta uani akipiga pasi shati juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Kesho yake alikuwa na usaili mahali pengine. Mke wake alitoa kiti, akaleta maji ya kunywa, akaingia ndani bila kutabasamu, na Kufuli aliona ni haki yake. Maboksi mawili yalikuwa yamefungwa kamba karibu na mlango.

Aliyasema yote kwa mpangilio, kama anavyosoma daftari. Muamala, vipimo, karatasi ya Shemeji, barua ya pili. Fundi aliendelea kunyoosha ukosi wa shati. Kufuli alipomaliza, akabakiwa na swali moja ambalo hakuweza kulimeza.

"Kwa nini hukuniambia?"

Fundi aliisimamisha pasi wima.

"Nilikuomba kusoma daftari mara tatu, mzee. Kule ndiko kukuambia. Bila daftari ningekuja na nini? Nikwambie shemeji yako ndiye anayegandisha skrini, kwa kufuata maneno yako? Ungefanyaje?"

Kufuli alifikiri. Angeweza kusema angesikiliza.

"Ningeiandika ile barua mwezi mmoja mapema," alisema.

Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi kisicho na utani mwingi. Alisema atarudi, kwa kuwa watoto wameshaanza shule na hana hamu ya kuhama tena. Lakini hatarudi kukaa nje ya mlango. Anataka ufunguo wake mwenyewe wa kusoma kanzidata kuu na daftari lake, kwa jina lake, usiozimwa kila mzee anapoota ndoto mbaya.  Kufuli alikubali upesi, kabla wasiwasi wake haujamshawishi vingine.

Jumatatu Shemeji alihifadhi jokofu kwa jokofu, mara mia moja na arobaini, kwa programu ya Fundi. Karatasi iliyofubaa alikuwa ameibandua Kufuli kwa mkono wake, ikatoka na vipande vya rangi ya ukingo wa skrini. Walisimama watatu nyuma ya skrini ya majaribio. Saa nne ikapita. Mabadiliko madogo yalipenya katikati ya mafungu, na nakala zilichelewa sekunde nne, mara moja tu sekunde tisa. Saa tano muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi alipiga simu kuuliza kama wamekufa wote, mbona hakuna kilichoharibika. Mchana Kufuli alimkabidhi Fundi ufunguo, akamwonyesha mahali pa kuingilia, kisha akatoka nje ya chumba na kumwacha humo peke yake. Aliyejua ukubwa wa deni alilokuwa akimlipa pale ni yeye tu.

Jumanne alikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wafagizi. Hakuwa na kazi ya kumleta saa hizo, na alijua hivyo tangu alipokuwa akivaa viatu gizani ili mkewe asimuulize. Alifungua chumba, akakaa, na akaifungua rekodi inayoonyesha kila mtumiaji ameingia lini na ameandika nini. Alijiambia ni utaratibu wa kazi. Alijiambia angefanya hivyo kwa yeyote. Akashuka hadi kwenye jina la Fundi.

Fundi alikuwa ameingia mara moja, jana saa nane mchana. Alisoma ukurasa mmoja wa daftari, akatoka. Lakini kabla ya kutoka aliandika mstari unaoanza na vistari viwili. Mstari wa namna hiyo mashine haiujali. Ni maneno ya binadamu kwa binadamu mwenzake atakayepita hapo baadaye.

Uliandikwa hivi: Shikamoo mzee. Najua utapita hapa. Nimesoma tu, sijagusa kitu.

Kufuli aliusoma tena. Kwenye korido wafagizi walikuwa wameanza kuburuta ndoo. Angeweza kuifunga rekodi na kuondoka, na hakuna ambaye angejua kamwe kwamba alipita. Yeye ndiye mtu pekee kituoni anayejua kusoma bila kuacha alama. Lakini mzee amesalimiwa. Alivuta kibao cha herufi, akaandika vistari viwili, na mbele yake, kwa jina lake kamili na saa yake, mahali ambapo Fundi angeiona akifika tu, akaandika: Marahaba.